Maktaba ije kwenye memori kadi

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Matembwe, Njombe. Kuchaji simu si shida huku. Kampuni ya kijiji ina mtambo wa umeme wa maji tangu miaka ya 1980, uliojengwa kwa msaada wa CEFA, shirika la Waitaliano. Shida ni vitabu, na bando.

Maktaba za nchi nyingine zinatengeneza podikasti: mkutubi anazungumzia kitabu, msomaji anasikiliza huku akipika. Nanyi fanyeni, ila msiishie kuziweka intaneti. Mchuma chai mwenye bando la kubana atampigia mwanawe aliyeko Dar kwanza.

Nikueleze tunavyosikiliza. Kibandani yupo kijana na kompyuta yake. Unampa memori kadi, anakurushia nyimbo, vichekesho na mahubiri, unamlipa, unaondoka. Kesho yake uko shambani unapalilia viazi, simu inaimba mfukoni mwa shati. Jirani yangu ana mahubiri ameyarudia mpaka anamtangulia mchungaji kusema “Amina”. Humo humo sauti ya mkutubi wenu ingekaa. Tumeni faili kwa afisa mtendaji, kijana aturushie.

Kujifunza kwa kusikiliza si jambo geni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaketisha watu wapatao milioni 2 katika vikundi, redio katikati, kitabu mkononi. Kipindi kikiisha wanajadiliana, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Mimi naona nguvu ilikuwa kwenye kile kitabu, kwa sababu sauti hupita. Basi kila podikasti ifuatane na nakala mbili tatu za kitabu kinachozungumziwa, zikae shuleni, ziazimwe hata na asiye mwanafunzi.

Mada? Parachichi, sikufichi. Watu wamepanda, na siku ya kuuza wanabishana na dalali bila kujua kwa nini tunda limekataliwa. Halafu Hekaya za Abunuwasi, zisomwe taratibu, kwa ajili ya bibi yangu. Alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima. Siku hizi macho hayamsaidii: hushika kitabu, akapapasa jalada, akanirudishia.

Mkishaandaa kadi ya kwanza, mpeni kondakta wa basi la Njombe. Nitaifuata stendi.

Wako,
Msomaji wa Matembwe