Molasi Tunayo, Lisini Twanunua

Mwezi uliopita nilikuwa katika duka la vyakula vya mifugo. Mama mmoja mfugaji aliuliza bei ya dagaa wa kuchanganyia chakula cha kuku, akaguna, akanunua nusu ya alichokusudia. Kando yake ulikuwepo mfuko wa lisini kutoka ng'ambo. Vitu hivyo viwili vina hadithi moja. Mahindi na mashudu ya alizeti yana upungufu wa lisini, asidi amino ambayo mwili wa kuku, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea. Kwa hiyo ama tunaiagiza nje, ama tunamlisha kuku dagaa ambao wangekuwa kitoweo cha mtoto.

Lisini hiyo haikutoka kwenye muujiza. Mwaka 1956 huko Japani, miaka 11 tu baada ya vita kuiacha nchi ile magofu, Shukuo Kinoshita na wenzake waligundua bakteria wa udongoni, leo aitwaye Corynebacterium glutamicum, anayegeuza sukari kuwa asidi glutamiki. Miaka michache baadaye, bakteria huyohuyo aliyebadilishwa alizalisha lisini. Kazi yote hufanywa na vimeng'enya vyake, hatua kwa hatua. Kimoja kati ya hivyo ni kama bawabu: lisini ikitosha, hufunga mlango. Watafiti walitafuta bakteria ambaye bawabu wake hafungi, wakampa sukari na hewa, naye akazalisha kupita mahitaji yake. Chakula chake chaweza kuwa molasi.

Molasi! Viwanda vyetu vya sukari vinaitoa kila msimu, nayo huishia kuwa spiriti au kilishio cha ng'ombe.

Najua nitakavyojibiwa. Mitambo ni ghali, na China huuza kwa bei ambayo hatuiwezi. Umeme nao ukikatika, bakteria hawa wanaohitaji oksijeni muda wote huharibika tangini. Hoja hizo ni za kweli, lakini ni hoja za mtu aliyekwisha kupiga hesabu, na sisi hatujaipiga. Sijadai kiwanda kikubwa kesho. Nadai tangi moja la majaribio, chuo kimoja jirani na kiwanda kimoja cha sukari, na jenereta. Tukishindwa, tushindwe kwa takwimu zetu wenyewe.

Lawama ya kwanza naielekeza kwetu wenye shahada za uzamivu. Kila mwaka wanafunzi wangu huchora ubaoni njia ya lisini, kimeng'enya baada ya kimeng'enya, hufaulu mtihani, na huhitimu bila kuiona hata gramu moja waliyoizalisha wenyewe. Mimi hupandishwa cheo kwa makala ambayo yule mama wa dukani hatayasoma kamwe. Mfumo unaomtuza mhadhiri kwa kuandika juu ya bakteria, na kumnyima senti ya kumfuga, umefunga mlango kabla hata bidhaa haijapatikana.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tunategemea cha mgeni, huku malighafi ikipita mbele ya milango yetu ndani ya malori. Wanaopanga bajeti ya utafiti watuambie: tangi hilo ni ghali kuliko nini?