Wana wa Eldoret Mlioko Ng'ambo, Andikeni

Ni nadra wiki kupita hapa Eldoret bila harambee ya kumsafirisha mtu. Turubai husimamishwa uani, viti vya kukodi hupangwa, mchungaji huomba, wajomba na mashangazi husimama mmoja mmoja na bahasha zao, na kabla jua halijatua nauli ya kijana kwenda Kanada, Ufini au Australia imepatikana au imekaribia. Wapo wanaouza ng'ombe. Wapo wanaouza kipande cha shamba. Wanariadha wetu nao wana njia yao: huitwa na vyuo vikuu vya Marekani, au hufuata mbio za Ulaya na Asia, na wakirudi na ushindi tunawavisha shada la sinendet na kuwanywesha maziwa ya mursik kibuyuni. Mursik ikishanywewa, maswali yetu huwa mawili tu: umeleta nini, na utajenga wapi? Sijasikia bado mtu akimwuliza msafiri ameona nini.

Nasema haya kwa uchungu, maana mji uliotawanya watoto wake katika pembe zote za dunia ungestahili kuwa na vitabu vyao. Ingia katika duka la vitabu hapa mjini, uulize riwaya au kumbukumbu ya Kiswahili iliyoandikwa na mtu wa Uasin Gishu, Nandi au Elgeyo Marakwet juu ya maisha ya ng'ambo. Utaonyeshwa vitabu vya shule. Tumevuna fedha kutoka huko, tumejenga nyumba za kupangisha, tumenunua matrekta, na sina neno juu ya hayo. Lakini yale macho yaliyoona, hatujayavuna.

Bibi mmoja wa Unguja alitutangulia katika jambo hili. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Wasichana wa humo walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia uliotumika badala ya ubao. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa kutoroka, akaolewa Aden na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, naye akaachwa na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo hakuwa na ndugu hata mmoja. Huko ndiko alikoandika. Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, na nia yake ya kwanza ilikuwa watoto wake wajue mama yao ametoka wapi.

Fungua kurasa za mwanzo uione Mtoni. Kuna ua mpana ambamo tausi, paa, heroe na mbuni wanatembea huru. Kuna baraza la mviringo mbele ya bahari, na humo Sayyid Said anakwenda na kurudi, amezama katika mawazo, akichechemea kidogo kwa sababu ya jeraha la vita la pajani. Je, bibi huyu angeishi Mtoni mpaka kufa kwake, angeliona lile jeraha kuwa jambo la kuandikwa? Sidhani. Aliye nyumbani humwona baba akipita. Aliye mbali humwona jinsi anavyopita.

Hilo ndilo ninalotaka wasomaji walishike. Faida kubwa ya ng'ambo kwa mwandishi ni kwamba inamrudishia kwao. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, aliondoka Zanzibar akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964, na amesema mwenyewe kuwa alianza kuandika akiwa Uingereza kwa sababu ya kupakumbuka nyumbani. Riwaya yake ya mwaka 1994, ambayo sasa tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, imejaa misafara ya biashara, maduka ya pwani na njia za bara. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alikwenda Leeds mwaka 1964, na katika baridi ile ya kaskazini mwa Uingereza akaandika A Grain of Wheat, kitabu kilichotoka 1967, juu ya vijiji vya Wagĩkũyũ na siku za Uhuru.

Wala isisemwe kuwa jambo hili ni la Kiingereza na Kijerumani peke yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na Desturi za Wasuaheli, ambayo sehemu kubwa ni kazi yake ingawa jalada lilibeba jina la Carl Velten, ilitoka 1903 akiwa huko. Kabla yake, mwaka 1896, Mngazija aitwaye Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, na habari za safari ile zikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901. Siberia, kwa Kiswahili, kabla Eldoret haijawa mji! Mtumishi wa msafara aliweza. Sisi wenye shahada mbili na simu mfukoni tunashindwa na nini?

Na hatuhitaji kufika Unguja kutafuta mfano. Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano ambayo vizazi vya wanafunzi wa Kenya wameisoma madarasani, alipata uzamivu wake Leipzig mwaka 1985, akaja kufundisha hapa Chuo Kikuu cha Moi, kisha akaenda Osaka, kisha Bayreuth. Mtu wa visiwani aliyekula baridi ya Ujerumani na ya Kesses, kilipo chuo hicho, pia. Babu Alipofufuka ilitoka 2001 akiwa Bayreuth, na ndani yake kigogo wa nchi ya Kiafrika anajiwa na babu yake aliyekwisha kufa, akatembezwa kuonyeshwa alivyoiharibu nchi. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyeanza kwa masimulizi ya wazi kama Rosa Mistika, alisoma Wisconsin mpaka 1985. Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991 zikaja katika umbo ambalo riwaya ya Kiswahili haikuwa nalo, zimejaa ndoto na maswali ya falsafa. Ndiyo kusema safari inaweza kubadili hata namna ya kusimulia.

Najua nitakalojibiwa. Shaaban Robert alikuwa karani, na miaka yake ya kazi ilipita ndani ya Tanganyika, lakini ndiye aliyetuandikia Kusadikika, nchi iliyo angani. Ken Walibora, jirani yetu wa Trans Nzoia, aliandika Siku Njema mwaka 1996 na Ndoto ya Amerika mwaka 2001, kabla hajaenda kusoma Marekani. Ni kweli tupu, nami nakubali. Paspoti haimfanyi mtu kuwa mwandishi, na wengi wamezunguka dunia wasirudi na sentensi moja. Shaaban Robert na Walibora walikuwa na fikra za kusafiri bila ndege, nao walikuwa watu wa kipaji adimu. Ninayemsemesha hapa ni yule asiye na kipaji hicho lakini amepewa na Mungu jambo la kusimulia, naye analiacha lioze.

Mtazame Henry Rono wa Nandi. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Olimpiki hakuikimbia kamwe, kwa kuwa Kenya ilisusia ile ya 1976 na ile ya 1980. Ulevi ukamteka, miaka ikapotea. Lakini Rono alifanya jambo ambalo wakimbiaji wengi wakubwa kuliko yeye kwa mali hawajalifanya: alikaa chini akaandika kitabu, Olympic Dream, na aibu yake hakuificha. Huo ni ushujaa unaotosha kuwekwa kando ya zile rekodi nne. Kinachonisikitisha ni kuwa mtoto wa Kapsabet hawezi kukisoma kwa Kiswahili.

Sasa tazama upande wa pili. Adharanand Finn, mwandishi wa habari Mwingereza, alihamia Iten na mkewe na watoto, akaishi miezi kadhaa akikimbia na vijana wetu kwenye vumbi lile jekundu, na mwaka 2012 akatoa Running with the Kenyans. Alifanya vyema, wala simlaumu. Yeye alisafiri akaja kwetu, akaona, akaandika. Sisi tumesafiri kwenda kwao miaka hamsini na zaidi. Kiko wapi kitabu chetu cha kukimbia na Waingereza?

Basi wanangu mlioko huko, nawaasa. Msingoje kustaafu. Nyinyi mnaolinda wazee usiku katika makao ya wazee ya Kanada na Marekani mnasikia maungamo ambayo watoto wao hawajayasikia. Andikeni, mkificha majina yao. Zile sauti ndefu mnazowatumia mama zenu kwa WhatsApp, mkieleza theluji ya kwanza, chumba cha watu wanne, bosi asiyeweza kutamka Cheruiyot, hizo tayari ni sura za kitabu. Zisikilizeni tena, mziandike kama mlivyozisema, kwa Kiswahili kilekile, bila kukipamba. Nyumbani mkukumbuke kwa vitu na si kwa sifa: harufu ya mahindi mabichi yakikaushwa kandokando ya barabara ya Ziwa, foleni ya malori mlangoni pa ghala la nafaka mwezi wa Novemba, ukungu wa Kaptagat saa kumi na mbili asubuhi.

Nanyi wazazi na wachungaji mnaosimamia harambee, pamoja na nauli mkabidhini kijana daftari, mbele ya watu, na mumwambie mnalisubiri. Akirudi likizo, mwalikeni katika shule aliyosoma, asimame mbele ya wanafunzi wa darasa la Kiswahili asome kurasa mbili tatu, kisha waachwe wamwulize ameona nini.