Vita vya orofa Kilimani vyahitaji ramani, si kesi ya kila ploti

MIZOZO baina ya wakazi na wastawishaji wa majumba ya ghorofa imekuwa jambo la kawaida katika mitaa ya Kilimani na Kileleshwa, jijini Nairobi. Nyumba ya zamani yenye bustani hubomolewa, ua wa mabati huzingira ploti, na majirani hukimbilia mawakili.

Malalamiko ya wakazi yanafahamika: mifereji ya majitaka iliyowekwa kwa ajili ya familia chache, barabara nyembamba na mifereji ya maji inayokauka. Wastawishaji nao hujibu kuwa jiji linakua na watu lazima walale mahali.

Hoja hiyo ya pili haifai kupuuzwa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu takribani milioni 3.1 Nairobi, ile ya 2019 ikahesabu milioni 4.4. Jiji lisipopanda juu litazidi kutambaa pembeni na kumeza mashamba ya kahawa ya Kiambu, na wafanyakazi watazidi kukesha barabarani.

Isitoshe, Kilimani yenyewe ni zao la utengano wa enzi za ukoloni, wakati ploti kubwa za upande huu zilipotengewa Wazungu. Kutaka mtaa ubaki vile ulivyokuwa ni kutetea mgawanyo wa ardhi ambao raia wengi hawakushirikishwa kuuamua.

Hata hivyo, wakazi wana haki katika jambo moja kubwa: kanuni. Mwongozo wa ujenzi wa 2004 uliweka Kilimani na Kileleshwa katika kanda ambayo majumba ya makazi yangefika orofa nne, tena pale tu palipo na mfereji wa majitaka. Kisha ukaja Mpango Mkuu wa jiji wa 2014 hadi 2030, uliotayarishwa kwa usaidizi wa shirika la Japan, JICA, ukiwa na mtazamo wa jiji lenye vituo vingi vya shughuli nje ya katikati ya mji.

Baina ya nyaraka hizo mbili, majumba ya orofa 10, 15 na zaidi yaliota. Afisa anayetaka kukataa ombi ana karatasi ya kunukuu, na anayetaka kulikubali pia ana yake. Hapo ndipo shaka ya hongo huzaliwa, hata pale ambapo hakuna hongo.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 ilikusudia kuziba pengo hili. Inamtaka anayeomba idhini ya ujenzi autangazie umma mradi wake na kuwaalika wenye pingamizi wawasilishe maoni kwa serikali ya kaunti. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya kaunti, kisha anaweza kufika katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Siku 14 ni chache mno kwa jirani anayegundua mradi siku matingatinga yanapoingia. Leseni ya mazingira inayotolewa na NEMA ina mlango wake: rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira katika muda wa siku 60. Mlango huo si wa mapambo. Juni 2019, jopo hilo lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Lamu, likitaja upungufu katika kushirikisha umma.

Kwa upande wa adhabu, anayeanza kujenga bila idhini anakabiliwa na faini isiyozidi Sh500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa mtu anayeuza kila nyumba kwa mamilioni, faini hiyo ni sawa na gharama ya rangi ya lango.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Nyasi hapa ni mnunuzi aliyelipa pesa zake za akiba au mkopo wa benki kununua nyumba ambayo bado imo kwenye michoro. Mahakama ikisimamisha ujenzi, pesa zake husimama pia, ilhali yeye hakuwa mlalamishi wala mshtakiwa. Akishahamia, ndiye atakayenunua maji ya malori au kutegemea kisima kinachochimbwa huku maji ya chini ya ardhi yakizidi kushuka.

Dawa ni ramani moja iliyopitishwa na bunge la kaunti, inayosema mtaa kwa mtaa ni orofa ngapi zinazoruhusiwa, na kwamba idhini itatolewa pale tu mifereji ya maji na majitaka inapotosha kubeba wakazi wapya. Mkazi atajua anachoweza kupinga, mstawishaji atajua bei halali ya kununulia ardhi, na mnunuzi atajua kama nyumba anayoonyeshwa itasimama.

Bila ramani hiyo, mahakimu wataendelea kupanga jiji ploti moja baada ya nyingine, na mara nyingi watafanya hivyo baada ya saruji kukauka.