Shimo Lililofunikwa: Kuhusu Makandarasi Wanaomwaga na Kunyamaza



Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo sheria fupi ambayo hatukumbuki kuisikia ikihubiriwa. Mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa jirani akatumbukia humo, mwenye shimo ndiye atakayelipa. Haiulizwi kama alikusudia, wala haiulizwi kama mnyama alikuwa amepotea njia. Shimo ni lake, na hasara ni yake. Siku hizi yako mashimo ya namna nyingine, ambayo hufunikwa vizuri mno, na ubaya wake wote umo katika huko kufunikwa.

Barabara ilipokuwa ikijengwa karibu na kimoja cha vigango vyetu, mkandarasi aliweka kambi yake juu ya mteremko, na matenki ya dizeli yakasimamishwa juu ya udongo mtupu. Usiku mmoja koki iliachwa wazi. Kulipopambazuka greda lilileta kifusi, likasambaza, likashindilia, na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna lililotukia. Baada ya mvua, mama zetu waliochota maji katika kisima kilicho chini ya mteremko waliona utando wenye rangi za upinde wa mvua, na harufu kama ya kibatari. Waliyachemsha maji hayo, maana ndivyo walivyofundishwa kliniki. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi dizeli. Kibarua mmoja aliyemweleza katekista mambo yalivyokuwa hakuitwa tena kazini juma lililofuata. Na uongozi wa kijiji ulipouliza, ulijibiwa kwamba hakuna taarifa yoyote ya kumwagika kwa mafuta. Jibu hilo lilikuwa la kweli. Taarifa haikuwapo kwa sababu hakuna aliyeiandika.

Hatusemi kwamba kumwaga ni dhambi. Mpira hupasuka, pipa hutoboka, dereva aliyekesha husinzia. Lakini saa inayofuata si ajali tena. Katika saa hiyo mtu mwenye akili timamu huchagua ama kumwambia jirani yake, ama kumwacha anywe.

Sheria ya nchi haina kigugumizi katika jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kumwaga mafuta na kemikali za hatari katika maji au ardhi kinyume cha utaratibu. Aliyemwaga anatakiwa kutoa taarifa mara moja na kuanza mara moja kusafisha kwa njia iliyo bora, na gharama ni juu yake. Sheria hiyo hiyo inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ni makambi mangapi ya ujenzi mmeyaona yakiwa yameegemea mto, kwa kuwa hapo maji ya kazi ni rahisi kupatikana?

Wala kazi yenyewe haihitaji elimu ya chuo kikuu. Kwanza chanzo kizibwe, mashine izimwe, mioto na sigara zizimwe, watu waondolewe. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Mwenye kujua hatari ndiye mwenye wajibu wa kupiga kelele kabla ya wengine wote. Kisha mtaro uzibwe kwa udongo au mifuko ya mchanga ili mafuta yasifike kwenye kalavati na mtoni. Kilichomwagika kinyweshwe kwa mchanga mkavu au maranda. Kisioshwe kwa maji na sabuni, kwani huko si kusafisha, ni kumpelekea aliye chini. Udongo ulioloa uchimbwe, utiwe katika mapipa yenye vifuniko, ukabidhiwe kwa wenye kibali cha kuchukua taka za hatari. Nayo maji yanayooshea mashine za zege yasidharauliwe kwa kuwa hayanuki: yana ukali unaounguza ngozi na kuua samaki, na mahali pake ni shimo lililotandikwa turubai zito.

Halafu iandikwe: ni kitu gani, kiasi gani, saa ngapi, kimeelekea wapi, nani ameambiwa. Habari ifike siku hiyo hiyo kwa mwenye mradi, kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kwa wasimamizi wa maji na mamlaka ya mazingira. Tena, na hapa hatutakubali kulegezwa, ifike kwa wanaochota maji chini ya mteremko, kwa lugha yao, kabla hawajatwika ndoo. Barua ya kurasa tatu iliyopokelewa mjini haimsaidii mama aliye kisimani.

Tunaambiwa: hizo ni lita chache tu. Basi tuutazame uaminifu wa hesabu hizo. Kila kambi ya ujenzi ina daftari la dizeli, ina kufuli, ina mlinzi wa usiku. Kibarua akiiba lita tano, zinajulikana kabla ya jua kuchwa, na polisi wanaitwa. Lita mia zikiingia ardhini, ghafla hakuna anayejua kuhesabu! Mkandarasi anayeweza kumshitaki mwizi kwa ushahidi wa daftari hawezi kusema hakujua kilichopotea.

Tunaambiwa pia kwamba anayetoa taarifa husimamishiwa kazi, hutozwa faini, na zabuni ijayo humpita. Dai hili lina uzito, wala hatulipuuzi. Mwenye mradi anayetaka bei ya chini kuliko zote, asiyelipia sakafu ya saruji yenye ukuta chini ya matenki, kisha akamwadhibu msema kweli kuliko mficha siri, huyo ameununua ukimya kwa fedha taslimu. Lakini anayebeba gharama ya ukimya huo hakuwapo mkataba ulipotiwa sahihi. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani tarehe 1 Januari 1990, alitaka haki ya kuishi katika mazingira salama ihesabiwe miongoni mwa haki za binadamu. Haki hiyo haipungui kwa kuwa zabuni ilikuwa finyu.

Sasa tuseme lile linalotuuma. Baadhi ya makandarasi hawa ni waamini wenzetu. Huketi viti vya mbele, na siku ya harambee bahasha zao ndizo nene. Tumewahi kuwauliza juu ya paa la kanisa. Juu ya visima hatujawauliza. Na sisi wenyewe tulipojenga ukumbi wa parokia, oili chafu ya jenereta ilimwagwa nyuma ya darasa la chekechea. Wajumbe wa kamati ya ujenzi tulipita, tukaona, tukasema fundi anajua kazi yake. Mwenye mradi hapo alikuwa nani, kama si sisi?

Mkataba wa nyumba mpya ya mapadre utaletwa mbele ya halmashauri ya walei kabla ya Kwaresima. Tunaomba usitiwe sahihi mpaka uwe na kipengele cha Kiswahili, kinachoweza kusomwa na kibarua: mafuta na rangi vitunzwe juu ya sakafu yenye ukuta, kila kinachomwagika kiandikwe na kutangazwa siku hiyo hiyo, gharama ya kusafisha iwe ya mkandarasi, na ya kinga iwe ya parokia, na mfanyakazi atakayetoa habari asifukuzwe. Jumuiya zilizo bondeni, chini ya kiwanja hicho, zichague watu wawili wa kulikagua daftari hilo kila Jumamosi.