Gereji na Kilabu Chini ya Paa Moja

Wako ndugu zetu hapa Kondoa wanaofanya shauri la kufungua biashara ya jamaa moja: baba na wana watengeneze pikipiki upande huu, mama auze pombe upande wa pili, kusudi mteja anywe huku akingoja. Nasema wazi, shauri hili ni baya.

Gereji naisifu. Tangu barabara ya lami ya Dodoma mpaka Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, pikipiki zimekuwa miguu ya watu, na kijana ajuaye kubadili klachi au kuziba pancha hakosi chakula. Mtume Paulo naye alikuwa fundi wa mahema.

Lakini mwenda kwa miguu akilewa huanguka shimoni peke yake. Mwenye pikipiki hupakia mama mjamzito na mtoto wa shule. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mpaka wa kilevi, miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Nani ataupima pale kilabuni? Fundi mwenye spana mkononi? Asubuhi mwakaza breki zake, jioni mwamlegeza mwenyewe!

Watanijibu, “Ada ya watoto hutoka katika mtungi wa mama.” Neno hili ni kweli, wala silidharau, wajane wangapi wamesomesha kwa pombe ya mtama! Basi hapo gerejini auze chai, maandazi na uji wa uwele. Faida itapungua, najua. Jirani zetu Waislamu, walio wengi hapa, hawatauliza tulipata shilingi ngapi. Watauliza ni nani aliyemnywesha dereva.