Mwalimu Asiyekubali Kufundishwa

Liko neno lisemwalo sana na walimu vijana waendao nchi za mbali kufundisha Kiingereza, nami nataka kulipinga. Husema, "Sisi tumeitwa ili tuseme Kiingereza. Tukijifunza lugha ya wenyeji, watoto watasema nasi kwa lugha yao, na kazi tuliyoitiwa itaharibika." Neno hili laonekana kuwa la akili. Mimi naliita kisingizio.

Na tuitwae nchi ya Japani iwe mfano, maana huko walimu wa namna hii ni wengi. Mwaka 1987 ulianzishwa mpango uitwao JET, nao umewaleta vijana kutoka Marekani, Uingereza, Kanada na nchi nyingine nyingi, wawasaidie walimu wenyeji kufundisha Kiingereza. Mapatano yao ni ya mwaka mmoja mmoja, na mtu aweza kukaa hata miaka mitano. Wengi wao hufika mwisho wa Julai au Agosti, shule zikiwa katika likizo ya wakati wa joto. Basi kabla hawajafundisha hata somo moja, hukutana kwanza na nyumba, soko, benki na takataka.

Sheria yamtaka mgeni, akiisha kupata makao, aende katika ofisi ya mji kabla ya siku 14 kupita, akaandikishe mahali anapokaa. Huko hupewa karatasi asiyoweza kuisoma. Wajapani wana alama za silabi za namna mbili, na juu ya hizo wana alama zilizotoka Uchina, ziitwazo kanji, ambazo mtoto wa shule ya msingi hufundishwa 1,026 katika miaka sita. Mwalimu wetu mwenye shahada ya chuo kikuu hajui hata moja. Husimama mbele ya karani kama mtoto mchanga, na mtu wa shule humsemea.

Na habari ya takataka, msicheke, ni jambo kubwa. Zichomwazo moto zina siku yake, chupa na makopo siku nyingine. Na katika miji mingi lazima mtu atumie mifuko iliyoamriwa na mji. Akikosea, wachukuzi huuacha mfuko pale pale, umebandikwa karatasi ya kuonya, na majirani wote wapitapo huuona. Tena majirani hupitishiana ubao wa matangazo nyumba kwa nyumba. Nao ukifika kwake, yeye asijue wasema nini, hukaa nao juma zima, na matangazo ya mtaa hulala kwake.

Liko jambo moja ambalo sitamlaumu mgeni akilinung'unikia. Mahali pengi mpangaji humpa mwenye nyumba fedha za shukrani, pengine kodi ya mwezi mzima au zaidi, wala hazirudi kamwe. Hii ni mizigo hata kwa Wajapani wenyewe. Lakini hayo mengine ni shule, na ada yake ni aibu kidogo tu.

Basi wako wanaoikimbia shule hiyo. Kila barua humpelekea msimamizi awasomee, kila simu humpa awapigie. Jioni hukaa na wageni wenzao, wakizisimulia desturi za nchi kama vichekesho. Hata mwaka wa pili ukiisha hawawezi kumwuliza muuza samaki bei. Na wasimamizi nao wana kosa, maana wema wao umezidi. Mtu abebwaye kila siku hatajua njia.

Kisha mtu huyu huingia darasani. Humwita mtoto wa miaka 13, asimame aseme Kiingereza mbele ya wenzake. Mtoto huinama, hunyamaza. Mwalimu huandika kwao kwamba watoto wa Japani wana haya mno. Haya? Yeye mwenyewe jana alinyamaza hivyo hivyo mbele ya karani wa benki! Humcheka mtoto achanganyaye l na r, sauti ambazo lugha ya Kijapani haizitengi. (Na sisi wengine tulisahihishwa hizo hizo, na fimbo ikiwa mezani.) Kama angalihangaika na lugha ya mtoto yule mwezi mmoja tu, angalijua la kumfanyia.

Wengine watanijibu kwamba lugha ile ni ngumu, na muda wao ni mfupi. Sisemi waijue vema. Lafcadio Hearn, mtu aliyezaliwa katika kisiwa cha Ugiriki na kulelewa Ireland, alifika Japani mwaka 1890, akafundisha Kiingereza katika mji wa Matsue. Alimwoa Koizumi Setsu, na mwaka 1896 akawa raia, akaitwa Koizumi Yakumo. Hata alipokufa mwaka 1904, Kijapani chake kilikuwa kibovu. Yeye na mkewe walisemezana kwa lugha waliyojitungia nyumbani, isiyo na sarufi. Lakini kwa lugha hiyo hiyo mbovu alimsihi mkewe amsimulie hadithi za kale, akasikiliza, akauliza tena. Ndipo akaandika kitabu cha Kwaidan, na Wajapani wamemheshimu hata leo. Hakuogopa kukosea mbele ya mwenyeji.

Wajapani, kabla ya kuingia nyumba ya mtu, husema neno lenye maana ya "nawasumbua," kama sisi tunavyopiga hodi. Ni neno moja. Asiyejifunza hata hilo, je, muda ndio uliomnyima?

Darasani na aseme Kiingereza tangu kengele hata kengele. Sina ugomvi naye. Lakini katika shule za Japani wanafunzi wenyewe hufagia madarasa, na katika shule nyingi hugawiana chakula na kula humo pamoja na mwalimu wao. Saa hiyo na ashike ufagio, amwulize yule mtoto wa miaka 13 jina lake, alitamke vibaya, na mtoto amsahihishe.