Kwa Madaktari Wetu Wapya wa Mifugo

Wapo vijana wetu wa kandokando ya ziwa wanaorejea nyumbani wakiwa wamehitimu udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, baada ya miaka mitano ya masomo. Mara nyingi swali la kwanza wanaloulizwa katika sherehe ni hili: “Umepata ofisi wapi?” Twaona swali hilo linawapoteza. Ng’ombe hawako Capri Point. Wako Misungwi, Kwimba, Magu na Sengerema. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hata udhuru wa kungoja kivuko umekwisha.

Kijana, jisajili kwanza kwa Baraza la Veterinari, kama itakavyo Sheria ya mwaka 2003. Hilo ni jepesi. Gumu ni siku utakapoitwa alfajiri kwa maksai aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani. Mwenye mali atataka achunwe upesi na nyama iuzwe, ili aokoe angalau sehemu ya hasara. Wewe umefundishwa kwamba huenda hicho ni kimeta, kwamba mzoga wa namna hiyo haupasuliwi, kwa sababu vimelea vyake vikikutana na hewa hujifanyia ganda gumu na kukaa udongoni miongo mingi, vikingojea mfugo mwingine au mtu. Utaagiza uteketezwe, au ufukiwe kwa kina. Nawe utachukiwa, pengine na ukoo mzima, na jioni hiyo watakuwapo watakaokunong’oneza kwamba ungeweza kugeuza uso pembeni.

Usigeuze. Lakini ujue pia kwamba agizo hilo husikilizwa likitoka kwa mtu ambaye kijiji kilikwisha kumzoea. Kwa hiyo twashauri miaka miwili ya kwanza uikae vijijini, karibu na mtu mzoefu wa kumwuliza. Fika joshoni siku ya kuogesha. Jifunze Kisukuma, ikiwa hukuzaliwa nacho. Wasikilize wazee: hawatakutajia kimelea, lakini wamjua kila ndama kwa mwendo wake.

Katika ndigana kali hasa, usijifiche nyuma ya bomba la sindano. Ndama akiwa tayari na homa na tezi zilizovimba, oksitetrasaiklini humtuliza mwenye mali tu. Buparvakwoni ndiyo yenye kufaa, nayo ikiwahi. Ni ghali. Mwambie mfugaji bei na ukweli, kisha uzungumze naye habari ya kupe.

Kuna jambo halisemwi sana. Tafiti za Uingereza zimeonyesha kwamba madaktari wa mifugo hujiua kwa kiwango kinachopita mara kadhaa kile cha watu wengine. Huku kwetu mazingira ni tofauti, ila upweke wa mtu aliyepoteza kundi la watu maskini hauna taifa. Mtafute mwenzako wa darasani kila juma, hata kwa simu. Usiyaweke moyoni hadi usiku wa manane.

Nanyi wafugaji, patana naye malipo kabla hajafungua mkoba, mkampe hata kama ndama hakuinuka. Mafuta ya pikipiki aliyanunua kwa fedha taslimu.